Winga Aliyevaa Namba Tano

"Mbona winga wenu amevaa namba tano?"

Aliyeuliza ni mama yangu. Tulikuwa tumesimama Sakina, ng'ambo ya barabara ya Nairobi, tukiutazama ukuta wa tawi la timu yetu, rangi bado inanuka. Ukutani palikuwa na mchezaji mkubwa kuliko lori lililoegeshwa chini yake. Alichorwa akikimbia na mpira, ametugeuzia mgongo, uso kaugeuza kidogo tu kama mtu aliyeitwa na rafiki yake kwa nyuma. Juu yake kwa herufi nene pameandikwa MCHEZAJI BORA WA NYAKATI ZOTE, kisha jina la winga. Na katikati ya mgongo wake, kubwa kama mlango, namba tano.

Mama si mtu wa mpira. Lakini mtu yeyote wa umri wake aliyekulia Arusha anajua kwamba zamani namba haikuwa pambo. Namba ilikuwa kazi. Saba alikuwa winga wa kulia, tisa alikuwa mfungaji, tano alikuwa beki wa kati, mtu wa kubaki nyuma kulinda goli. Kumvalisha winga namba tano ni sawa na kumvalisha bwana harusi kanzu ya mchungaji. Zaidi ya hayo, namba tano ya timu ile mama aliijua vizuri, kwa sababu ilikuwa imeanikwa kwenye kamba ya nguo nyumbani kwao kwa miaka mingi. Ilikuwa ya kaka yake.

Nilisema mchoraji amekosea, halafu nikasema maneno mengine kuhusu wazee wa tawi na akili zao, na mama akanikumbusha kwamba wazee wale ni wakubwa zangu. Nilimwambia ukubwa wao ndio ulionileta pale nikiwa na hasira.

Arusha kila mtu ana timu mbili. Ya kwanza ni moja ya zile kubwa za Dar es Salaam. Hiyo ataililia, ataigombania na ndugu zake, na jezi yake ataivaa mpaka sokoni. Ya pili ni ya hapa nyumbani, ambayo huikumbuka ikishuka daraja. Mimi nina moja tu, hii ya nyumbani, na watu huniuliza kama nina matatizo. Nilikata kadi ya uanachama nilipoanza kazi kwenye shamba la maua Usa River, nikawa mwanamke pekee katika tawi la Sakina. Tawi lenyewe ni chumba kimoja kilichoshikana na gereji, chenye meza ndefu, viti vya plastiki na ubao ambao bado una matokeo ya ligi ya msimu ambao hakuna anayekumbuka ulikuwa upi.

Zamani timu yetu ilicheza na wakubwa. Sasa iko chini huko, inacheza na timu ambazo hata sisi hatujui zinatoka wilaya gani. Labda ndiyo sababu tunapenda sana kubishana kuhusu zamani. Mwenye gereji alipoupiga plasta ukuta unaotazama barabarani na kuwapa wazee ruhusa ya kuchora wanachotaka, waliamua achorwe mchezaji mkubwa kuliko wote katika historia ya timu. Ukuta mmoja, mtu mmoja. Wanachama wangekutana na kumchagua.

Ubishi ulianza siku ile ile. Kila jioni nikishuka kutoka kazini niliukuta umeiva. Mafundi gereji wakiwa na mikono ya grisi, wazee wa mjini waliokuja na kofia zao baada ya swala ya alasiri, wauza spea, wote wanazungumza kwa pamoja. Majina mengi yalitajwa, lakini yote yalikuwa ya kupisha njia. Jina lililongojewa lilikuwa la winga.

Huyu winga alitokea kwetu akiwa kijana mdogo. Alicheza msimu mmoja na kipande cha msimu wa pili. Katika msimu ule timu yetu ilikwenda Dar kucheza na moja ya wale wakubwa, naye akafunga goli la ushindi dakika za mwisho. Kabla mwaka haujaisha, wale wale aliowafunga wakaja kumchukua. Akachezea kwao, akachezea taifa, akajenga Dar, akazeekea Dar. Hajarudi hata kuhudhuria mechi moja. Lakini taja jina lake pale kijiweni uone wanaume wazima wanavyokaa vizuri kwenye viti. "Wa kwetu yule," wanasema. "Katoka hapa hapa."

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, na linanikera mpaka leo. Mkubwa kwetu ni yule aliyetuacha. Kama hakuondoka, basi hakuwa kitu. Angekuwa kitu wangemchukua. Ni kama watu wa mlimani na kahawa yao. Wanailima, wanaichuma, wanaimenya, wanaianika, iliyo nzuri inaondoka kwenye magunia, na nyumbani wanakunywa chai ya majani. Ukiwauliza kahawa ya Meru ina ladha gani wanakwambia wazungu wanaisifu sana.

Mimi nilikuwa na mtu wangu. Nisifiche, alikuwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, na nilijua watasema ninampigania kwa sababu ya damu. Lakini hoja ilikuwa hoja. Mjomba alikuwa namba tano ya timu yetu kwa miaka yote tuliyokuwa juu. Alikuwa anashuka kwa miguu kutoka mlimani kuja mazoezini na anapanda tena jioni kukata majani ya ng'ombe. Siku goti lake lilipovunjika ndiyo ilikuwa mwisho wake, na msimu uliofuata timu ikashuka daraja, na haijapanda tena. Nilisema hivi: mpime mtu kwa kilichotokea alipokuwepo na kilichotokea alipokosekana. Winga alipoondoka, timu ilibaki juu. Beki alipoondoka, ilianguka. Sasa nani alikuwa ameishika?

Jumapili moja baada ya ibada nilipanda kwa mjomba kumpa habari za ukuta. Nilimkuta chini ya migomba, amenyoosha ule mguu usiokunjika, anachagua mbegu za kahawa. Nilimwamkia.

"Marahaba, mjomba," akajibu, kwa kuwa sisi huitana hivyo hivyo, mimi mjomba na yeye mjomba.

Nilimweleza. Hakusema lolote kuhusu nani anastahili. Aliuliza kitu kimoja tu. Ukuta wenyewe unatazama wapi? Nikamwambia unatazama barabara kuu, magari yote ya Namanga na Nairobi yanapita mbele yake. Aliendelea kuchagua mbegu, lakini nilimwona anarudia kuchagua zile alizokwisha kuchagua.

Jumapili iliyofuata alikuwa amenitayarishia kitu. Ilikuwa jezi yake, imefuliwa, imepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo imesimama. Sikuwa nimewahi kuiona. Rangi yake ilikuwa kijani, kijani kilichokolea cha majani ya kahawa, wakati jezi ya timu siku hizi ni ya bluu. Begani ilikuwa na kiraka cha kitenge chekundu. Mshambuliaji mmoja wa Dar aliwahi kumvuta mpaka ikachanika, na enzi hizo jezi haikubadilishwa, ilishonwa, na aliyeishona ni bibi, kwa kitambaa alichokuwa nacho.

"Mpelekee mchoraji," mjomba aliniambia. "Aone rangi."

Niweke wazi hapa, maana kila kilichofuata kilitokana na hilo. Mjomba wangu si mtu wa kuomba. Hakuomba timu imtibu goti, hakuomba mchango, hakuwahi hata kuomba tiketi ya kuingilia uwanjani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona anataka kitu, na alikitaka kama mtoto anavyotaka, kwa kujifanya hakitaki. Nilikunja ile jezi nikaiweka kwenye mfuko, nikashuka nayo mlima nikiwa nimeapa kwamba atakaa kwenye ukuta ule akiwa hai na macho yake yanaona.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana. Niliingia, na kwa kuwa karibu wote walikuwa wakubwa kwangu, nikaanza kuamkia. Shikamoo mzee, marahaba. Shikamoo baba, marahaba binti, hujambo, mama hajambo, kazini wanasemaje. Nilipomaliza mstari wa viti, ajenda ya kwanza na ya pili zilikuwa zimepita. Vijana wa kiume wa umri wangu walikuwa wameingia, wamepunga mkono mara moja na kukaa.

Mchoraji naye alikuwepo, kijana wa Olasiti anayeandika mabango ya maduka, kakaa karibu na mlango na kipimo chake cha futi. Nilimpungia. Akaitikia kwa kichwa na kuangalia chini.

Nilipopewa nafasi nilisimama nikaitandaza jezi mezani. Wazee wawili walinyoosha mikono wakaigusa, na mmoja akasema taratibu kwamba alidhani rangi ile haipo tena duniani. Nilitoa hoja yangu yote: miaka aliyocheza, goti, kushuka daraja. Niliongea vizuri, najua, kwa sababu hakuna aliyenikatiza. Nilipokaa, mwenyekiti, mzee mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya upole inayokukata polepole, alinitazama juu ya miwani.

"Binti," akasema, "wewe ulimwona akicheza?"

Nikasema hapana, sikuwa nimezaliwa.

"Basi."

Neno moja tu, na kicheko kikamwagika kana kwamba mlango umefunguliwa. Nilihisi uso unawaka. Chuoni nilisoma historia, na kama kuna kitu kimoja nilichotoka nacho, ni kuuliza nani alikuwepo. Nikasimama tena bila kupewa nafasi. Niliwauliza na wao. Lile goli la winga, lile la Dar, lililomfanya awe huyo mnayetaka kumchora: kati yenu hapa, nani alikuwa uwanjani?

Walitazamana. Mzee mmoja alisema yeye siku hiyo alikuwa Moshi kwa dada yake, wakasikiliza wote barazani. Mwingine alikuwa hapa hapa mjini, dukani kwa Mhindi mmoja, na alikumbuka hata jinsi betri zilivyokuwa zinaisha wakazianika juani asubuhi ile. Wa tatu alianza kueleza jinsi winga alivyompita beki wa kwanza kwa kulia, akamlaza wa pili chini, nikamuuliza alikuwa amekaa upande gani wa uwanja. Akakasirika. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Wote walikuwa wamesikia redioni.

Fikiria basi. Beki aliyecheza mbele ya macho yao hapa Arusha, kila mechi ya nyumbani, mwaka baada ya mwaka, hawakuweza kunitajia mchezo wake mmoja. Walisema alikuwa "anaondoa mipira". Goli lililofungwa mbali nao, ambalo hawakuliona, walilieleza mpaka vumbi la viatu. Mtangazaji wa redio humtaja mwenye mpira anayekwenda mbele. Beki hutajwa akikosea. Kwa hiyo walichokiona kwa macho wamekisahau, na walichosimuliwa wanakikumbuka kana kwamba walikuwepo. Halafu mimi ndiye niliyeambiwa sina haki ya kusema kwa sababu sikuona.

Niliyasema hayo, labda kwa sauti kubwa kidogo.

"Siku zile redio ndiyo ilikuwa macho," mwenyekiti alijibu, bila kuona aibu yoyote.

"Huyu kasoma historia," akadakia muuza spea mmoja aliyekaa dirishani. "Ukimpa chapati atakuuliza nani alikuwepo wakati inasukumwa."

Walicheka tena, na lazima nikiri chapati ile ilinichekesha hata mimi, ndani huko. Kicheko kilipotulia, katibu akasema koo zimekauka. Mwenyekiti akanigeukia kwa ile sauti yake. Mwanangu, hebu tusaidie chai kwanza, tutaendelea. Chupa za chai na maandazi vilikuwa nyuma, kwenye kichumba cha gereji. Nilisita. Lakini ukikataa kumpa chai mzee mwenye njaa ya mchana, hoja yako yote imekufa pale pale. Hutakuwa tena msomi mwenye msimamo, utakuwa msichana asiyefundwa. Nikaenda.

Nilikuwa namimina kikombe cha nne au cha tano, sinia limeelemea upande, niliposikia sauti ya katibu kupitia ukutani. Wanaokubali. Kimya kidogo. Wasiokubali. Halafu makofi. Nilirudi na sinia na kuwakuta wameshapumua, wanaongea mambo ya mahindi. Nikauliza kama wamepiga kura. Wamepiga. Nikauliza na yangu je. Mwenyekiti alichukua kikombe, akakoroga sukari.

"Ya kwako moja isingegeuza kitu, mwanangu. Tumeokoa muda."

Nimeshasikia matusi maishani mwangu. Hakuna lililowahi kunikaa kifuani kama hili, lililosemwa kwa wema, juu ya chai niliyoimimina mimi.

Kisha wakataka jezi. Kwa kuwa wameamua, mchoraji angehitaji kuona rangi halisi ya enzi zile, na hiyo ndiyo jezi pekee iliyobaki. Niliikunja nikairudisha mfukoni. Nilisema haiendi popote. Kama winga ni mkubwa kiasi hicho, alete yake kutoka Dar. Mwenyekiti hakubishana nami. Alisema jezi si yangu, nimpigie mwenyewe. Nikatoka nje, nikasimama kati ya matairi ya gereji, nikampigia mjomba. Nilimweleza yote: kura, chai, na kwamba sasa wanataka jezi yake wamchoree mtu mwingine. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anamwita ng'ombe.

"Waachie," mjomba akasema.

Nilimuuliza kama amenielewa vizuri.

"Nimekuelewa, mjomba. Waachie."

Nilimpa mchoraji ule mfuko bila kumtazama usoni. Niliondoka kwa mguu mpaka kwetu, na njia nzima nilikuwa naendelea na mkutano peke yangu, na kila hoja nikishinda.

Ukuta ulichukua muda kukamilika. Siku turubai lilipoondolewa ndiyo siku niliyosimama na mama, ndiyo siku ya swali lake. Alikuwa wa kwanza kuona kiraka. Begani mwa winga, palepale, mchoraji alikuwa amechora kile kitambaa chekundu cha bibi, mpaka mshono wake mnene wa uzi mweupe. Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi niliona tusi la mwisho. Hawakutosheka kumnyima ukuta. Wamemvua shati lake wamemvika yule.

Nilidhani angalau wazee wataona. Namba ile ilikuwa inaonekana tangu kwenye kona. Kweli, mwenyekiti aliiona, na siku ya kwanza alifoka, akataka ifutwe iandikwe saba. Mchoraji alimjibu kwamba amechora jezi aliyopewa, na rangi imeisha. Likabaki hivyo mpaka wiki iliyofuata. Hapo ndipo nilipoiona historia inapikwa mbele yangu, na mimi nimeshika sahani.

Ilianza na yule mzee wa Moshi. Alisema, akiwa amefikiri sana, kwamba kwa kweli winga alipofika tu hapakuwa na jezi ya saba, alipewa iliyokuwepo. Mwingine akaunga mkono: ndiyo, alianza na tano. Baada ya siku chache muuza spea alikuwa anakumbuka hata mechi. Mwezi haukuisha kabla ya mwenyekiti mwenyewe kuwaeleza wageni waliosimamisha gari kupiga picha kwamba winga wetu alikuwa wa kipekee, alicheza pembeni huku amevaa namba ya beki, na timu pinzani zilichanganyikiwa. Na kuhusu kuchorwa kwa mgongo walikuwa na maelezo tayari: mabeki wa Dar walimwona mgongo tu, kwa kuwa alikuwa keshawapita. Niliwaambia hakuna neno la kweli hapo. Waliniuliza kama nilimwona akicheza.

Hata uso walikubaliana nao. Kile kipande cha shavu na sikio kilichoonekana kingeweza kuwa cha mtu yeyote kutoka hapa mpaka Singida, lakini walikitazama wakasema, "Ndiye. Ndiye kabisa."

Mjomba aliomba nimpeleke. Nilimkatalia mara ya kwanza, nikitoa sababu ya mvua. Sikutaka asimame barabarani kama mtu aliyeibiwa anayekwenda kutazama kitu chake kwenye duka la mwingine. Lakini aliomba tena, na mtu ambaye haombi akiomba mara mbili huna la kusema. Tulishuka kwa bajaji, mguu wake umetoka nje kidogo kwa kuwa haukunjiki, dereva akimwonya kila tukikaribia lori.

Tulisimama pale pale nilipokuwa nimesimama na mama. Mjomba aliegemea fimbo. Mabasi yalipita, yakaficha ukuta na kuufunua, na kila ulipofunuliwa alikuwa bado anatazama sehemu ile ile. Nilingoja. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, mengi, na mengine ya kumchochea, maana nilitaka akasirike japo kidogo ili hasira yangu isiwe peke yake.

"Kiraka amekipatia," akasema hatimaye.

Nikamwambia kiraka ni chake. Namba ni yake. Ukuta mzima ni wake, na jina la mtu mwingine limebandikwa juu kama kibandiko cha bei.

"Jina ni la juu kule," alisema. "Basi likipita haraka, utasoma jina au utaona namba?"

Nilimjibu kwamba hilo silo suala. Suala ni haki. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, kama anavyomtikisia ndama anayevuta kamba. Kisha akaniomba nimpige picha. Alivuka barabara taratibu, magari yakimsubiri na kupiga honi, akasimama chini ya ukuta, na badala ya kunitazama mimi akanigeuzia mgongo. Nilimwita ageuke. Aligeuza uso kidogo tu, akacheka. Nilidhani jua linamuumiza macho. Mwenyekiti alitoka na kiti, wakasalimiana, akamletea chai, na safari hii sikuimimina mimi. Walizungumza mambo ya mbolea. Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba kaka yake ana moyo wa kondoo.

Kadi yangu bado ninayo. Mikutanoni nahudhuria, nimeacha kumimina chai, na katika ajenda ya mengineyo huinua mkono kila mara kuuliza lini namba itarekebishwa au jina litabadilishwa, moja kati ya hayo mawili. Huwa wananguruma. Wamenipa jina la utani, Mengineyo.

Ilipita miaka kabla sijakutana tena na mchoraji. Alikuja Usa River kuandika kibao cha lango la shamba ninapofanya kazi, nikatumwa kumwonyesha maneno. Alikuwa ameoa, amenenepa kidogo. Alipanda ngazi akaanza kupiga mistari, mimi nimesimama chini nikiishikilia, na kwa kuwa hasira yangu haina likizo nilimuuliza, baada ya muda wote huo, alikuwaje akakosea kitu cha wazi kama namba.

Alisema hakukosea. Wazee walikuwa wamekubaliana juu ya winga tangu siku ukuta unapigwa plasta, na mkutano ulikuwa wa kutimiza utaratibu. Walimtuma mlimani kuomba jezi, katikati ya wiki, kati ya zile Jumapili zangu mbili, naye alimweleza mjomba wangu wazi kabisa ni nani atakayechorwa. Mjomba alifikiri mpaka chai ikapoa. Halafu akasema jezi ataituma kwa mpwa wake, ila mpwa asiambiwe, kwa sababu angeificha. Na akaweka sharti moja: huyo winga achorwe akiwa amegeuza mgongo.